Runinga yangu imecheza singeli ya jirani mbele ya mama mkwe

Shikamoo Shangazi,

Nina miaka 34, naishi Tabata na mume wangu na watoto wetu wawili. Nafundisha Kiswahili kwa wageni kwa njia ya video. Wengi wako Ujerumani, kwa hiyo vipindi vyangu vinaanza saa 1 usiku mpaka saa 4. Ndiyo sababu tuliingiza intaneti ya nyumbani, ile ya ruta yenye laini ndani. Tunalipa Sh70,000 kwa mwezi. Kwetu si hela ndogo, ila kazi yangu ndiyo inayoilipia.

Jumapili mbili zilizopita mama mkwe alikuja kutusalimia kutoka Tanga. Baada ya kula tukamwekea kwaya kwenye runinga, akatulia, anaitikia kwa kichwa. Katikati ya wimbo picha ikakatika, ikaingia singeli. Si singeli ya harusini, Shangazi, ile yenyewe ya maneno makali. Mume wangu akashika rimoti akarudisha kwaya. Singeli ikarudi. Akarudisha tena, ikarudi tena, mwisho akachomoa waya ukutani. Mama mkwe hakusema kitu. Aliomba chai.

Usiku ule mume wangu akafungua programu ya ruta kwenye simu. Vifaa vyetu ni 6: simu tatu, kompyuta yangu, runinga na tableti ya watoto. Vilivyokuwa vimeunganishwa ni 19.

Chanzo nakijua. Mwaka jana nilijifungua kwa upasuaji, kidonda kikasumbua, nikalazwa siku 11. Mama jirani, tunayepakana naye ukuta, alimchukua mwanangu mkubwa akakaa naye siku zote hizo, anampeleka shule, anamrudisha, na jioni analeta uji wodini. Nilipotoka nilimpelekea bahasha akaikataa. Akaniambia, "Mtoto wako nimemlea kwa bei gani?" Sasa mwezi wa saba mwanae wa kiume, aliyemaliza kidato cha sita, akaja kuomba mtandao ajaze maombi ya chuo na ya mkopo. Ningemkatalia vipi? Nilichukua simu yake nikaandika pasiwedi mwenyewe ili asiione. Nikajiona mjanja.

Toka hapo wapangaji wa vyumba vya uani kwao wamo. Vijana wa bodaboda wa kijiwe cha mwarobaini nao wamo, jioni wanahamia wote upande wetu na pikipiki zao wameziegemeza ukutani. Mimi huku naganda kwenye skrini mdomo wazi, mwanafunzi ananiambia, "Mwalimu, umekuwa picha." Juzi mpangaji mmoja ambaye hata jina lake silijui kanisimamisha njiani: "Dada, mtandao umelala toka jana, hamjalipia?" Na jana kijana wa boda aliyenitoa sokoni akaanza kusifia waifai ya mtaa wetu, eti nafuu, Sh500 kwa siku na unatumia unavyotaka. Nilipomuuliza anamlipa nani, akavuta mafuta, hakunijibu mpaka nyumbani.

Mume wangu anataka tubadili pasiwedi usiku huuhuu, na jina la waifai liwe KANUNUE BANDO LAKO. Mimi namzuia. Nawaza nitamtazamaje mama jirani usoni. Nikimwambia mtandao umeharibika, si yataisha kimya kimya? Halafu dada yangu amenitia hofu, anasema watu hawa wakifanya ubaya mtandaoni polisi watagonga kwangu. Ni kweli? Nitokeje humu bila ugomvi?

Mama Singeli, Tabata


Marahaba mwanangu.

Nisikufiche, nimecheka mpaka miwani ikadondoka. Kisha nikamfikiria mama mkwe na chai yake, nikaacha.

Tuanze na hiyo runinga, maana wewe umeileta kama aibu ya Jumapili moja na mimi naiona ndiyo habari yenyewe. Runinga za siku hizi hupokea video kutoka simu yoyote iliyo kwenye mtandao mmoja nazo. Aliyerusha singeli pengine hata hakujua. Aligusa kile kialama cha kurushia video, akaona runinga imejitokeza kwenye orodha, akabonyeza, ikatua sebuleni kwako. Hakuvunja mlango, alikuwa ndani siku nyingi. Na mtu aliye ndani kiasi cha kukukatia kwaya yuko karibu na printa yako, na kamera ya getini kama mnayo, na mafaili ya kompyuta kama uliwahi kuyafungulia vifaa vingine vya nyumbani. Bando likiisha unaongeza. Hayo mengine hayaongezwi kwa vocha.

Sasa nikwambie ambalo hutalipenda. Mumeo anawaona wote wezi, na kijana ulimpa wewe. Hukumwambia ni kwa siku ngapi, wala hukumwambia kwamba maombi yakiisha na mtandao umeisha. Ruhusa isiyo na mpaka, kijana wa umri ule huichorea mpaka mwenyewe, na huwa anauchora mbali. Ule ujanja wa kumwandikia ili asione nao umepitwa zamani. Tangu Android toleo la 10, mwaka 2019, mwenye simu akifungua mtandao aliounganishwa nao akagusa sehemu ya kushirikisha, simu inamtolea mraba wa madoadoa. Mwenzake anaelekeza kamera, ameingia. Kwenye simu nyingi neno la siri lenyewe limeandikwa chini ya mraba huo kwa herufi za kawaida. Wa iPhone nao tangu 2022 wanaweza kulisoma kwenye mipangilio. Kwa hiyo uliyempa mmoja umempa na kalamu ya kunakilia.

Wapangaji ndio kabisa siwaiti wezi. Yule aliyekusimamisha njiani ameongea kama mteja, na nadhani ni mteja. Mwizi haji kuuliza kwa nini mali imechelewa.

Mimi niliwahi kuwa na sebule ya namna hiyo. Vituo binafsi vya televisheni vilipoanza huku Bara mwaka 1994, nyumba yetu ndiyo iliyokuwa na runinga mtaani, nyeusi na nyeupe, antena juu ya mlingoti wa mianzi. Saa ya taarifa ya habari mkeka umejaa watoto wa watu. Kombe la Dunia la Ufaransa, 1998, sebule ilifurika mpaka marehemu mume wangu akatazama fainali akiwa nje, dirishani, runinga ni yake. Sikuwahi kumfukuza mtu. Ila niliwaona. Nilihesabu kandambili mlangoni nikajua leo ni wangapi, na nikichoka nilisema, "Jamani, kesho shule," kila mtu akaokota zake. Kwenye waifai watu wanaingia sebuleni na kandambili hazionekani. Siku mliyofungua ile programu ndipo mlipoziona: jozi 13 zisizo zenu.

Kwa hiyo hesabu mnayo. Kilichobaki ni kusema, na hapo ndipo unapoogopa.

Mumeo, kwa heshima zote, asiliguse hilo jina. Jina la waifai limekuwa kanga ya siku hizi, watu wanapigana mafumbo kwalo, na nimeona mengine ya kuchekesha kweli. Lakini kanga mvaaji anajua anampitia nani. Anakatiza mbele ya mlengwa wake, anageuza mgongo, na mlengwa naye kesho anajibu na ya kwake. Jina la waifai linasomwa na kila simu iliyo jirani, na kijana ambaye mnamlenga ndiye asiyejali. Atakayelisoma akaumia ni mama yake. Yule wa uji wa siku 11 asome KANUNUE BANDO LAKO! Mtaeleza mpaka mchoke kwamba hamkumkusudia yeye.

Na hilo la kusema mtandao umeharibika, acha. Simu yake itaendelea kuonyesha jina lilelile la kila siku, vistari vimejaa, kufuli pembeni. Halafu saa 1 usiku akusikie kupitia ukutani ukiwafundisha Wajerumani ngeli ya KI-VI.

Nadhani kinachokubana zaidi ni zile siku 11. Alikataa bahasha, wewe ukabaki na deni lisilo na risiti, na lilipokuja ombi la mtandao ukaona hapo ndipo pa kulilipa. Miezi yote hii umevumilia kwa sababu hiyo. Mwenyewe alikuuliza, mtoto wako nimemlea kwa bei gani, na wewe bila kutamka umemjibu Sh70,000 kwa mwezi. Sidhani angefurahi kuisikia hesabu hiyo. Mambo kama yale hurudishwa siku yake ikifika: akiugua yeye, akifiwa, binti yake akiolewa na wewe umeamkia jikoni kwake kumenya vitunguu. Yaondoe kabisa kwenye habari ya waifai. Wala sidhani anajua nusu ya kinachoendelea, hasa hiyo Sh500.

Basi fanya hivi. Anza na kijana, kabla ya mama yake. Mwite barazani akiwa peke yake, mumeo asiwepo, isije ikaonekana ni kikao. Mwambie una vifaa 13 usivyovijua na kuna watu wanalipa, na kwamba Jumamosi unabadili neno la siri na asubuhi hiyohiyo unakwenda kumweleza mama yake. Usimuulize nani anapokea hela. Mwambie tu, "Ukimwambia wewe kabla yangu, nitafurahi." Kisha mpishe, ongeleeni mengine. Kama ni yeye, amepata siku mbili tatu za kujisafisha kwa mama yake, na kama si yeye atakutajia bila kuulizwa. Unaweza kumdokeza pia kwamba kuuza intaneti kunahitaji leseni ya TCRA, mamlaka ya mawasiliano. Hiyo huwaingia vijana kuliko mawaidha.

Jumamosi nenda mwenyewe kwa mama. Usimtume mtu, usiandike kwenye kundi la WhatsApp la mtaa, na usibebe kilo ya sukari, maana akikuona na sukari siku isiyo ya sukari atajua umekuja na shauri. Sema kwa ufupi: "Mama, nimekuja na jambo la mtandao. Watu wameingia wengi mpaka wanafunzi wangu hawanisikii, na mimi nakula kwa kazi hii. Leo nabadili neno la siri. Sijakasirika na mtu, ila sikutaka ukute limebadilika bila mimi kukwambia." Usitaje mwanae anauza. Akiwa ameshaambiwa atalianzisha yeye. Akiwa hajaambiwa, wapangaji wake watamwambia kabla ya magharibi, watakapodai chao.

Ukipenda kumwachia yeye mama, mwachie kwa njia ya wazi. Ruta nyingi zina kitu kinaitwa mtandao wa wageni: jina lake, neno lake la siri, na kwa kawaida aliye humo haioni runinga wala kompyuta yako. Nyingine hukuruhusu kupunguza kasi ya wageni au kuuzima saa za kazi yako. Huo nao unaweza kusambazwa kwa ule mraba, sikudanganyi, lakini ukiona wageni wamezidi unabadili neno la upande huo peke yake na nyumba yako haiguswi. Ila usijilazimishe. Kama mfuko haurefuki, hakuna ubaya kumwambia huwezi.

Mambo ya ruta sasa, mumeo asome hapa. Geuza ruta chini, kuna lebo yenye anwani ya kuingilia kwenye mipangilio, mara nyingi huanza na 192.168, pamoja na neno la siri la kiwandani. Watu wengi hubadili neno la waifai wakasahau hili la kuingilia kwenye mipangilio, likabaki admin kama lilivyotoka dukani, na kijana mwerevu akishaunganishwa anaweza kuingia humo akakusomea hata neno jipya. Badilini yote mawili, la mipangilio kwanza. Kwenye aina ya ulinzi chagueni WPA2 au WPA3. Neno lenyewe liwe refu, maneno manne ya Kiswahili yasiyohusiana yanatosha, mkiyaunganisha na tarakimu mbili tatu. Msiweke jina la mtoto na mwaka aliozaliwa. Mtaa mzima ulikula pilau ya arobaini yake.

Zimeni WPS, ile ya kuunganisha kwa kitufe au namba. Namba yake ina tarakimu 8, lakini tangu Desemba 2011 inajulikana kwamba ruta huikagua vipande viwili, kwa hiyo mtu akijaribu mara 11,000 tu ameimaliza, na kompyuta haichoki. Mtashauriwa kuzuia simu moja moja kwa anwani yake ya kifaa. Ilisaidia zamani. Kuanzia Android 10, na iPhone zenye iOS 14 ya mwaka 2020, simu huficha anwani yake halisi na kutumia ya kubuni, hivyo uliyemfungia anaweza kurudi amevaa sura nyingine. Kuficha jina la mtandao nako ni kujisumbua. Bora mtoe ruta kwenye ukuta unaopakana na jirani, muilete katikati ya nyumba. Mawimbi ya GHz 2.4 hupenya tofali vizuri sana, na hicho kijiwe cha mwarobaini kinakula hapo. Mkishabadili, mtaunganisha upya runinga na tableti, na wanao muwaambie mapema kuhusu ule mraba, maana na wao wana rafiki zao. Ile lebo ya chini ibandikeni kitu. Ruta ikirudishwa kwenye hali ya kiwandani, neno la lebo ndilo linalofanya kazi tena, na picha ya lebo hupigwa sekunde moja.

Dada yako hajakosea, ila amekuza. Laini iliyo ndani ya ruta imesajiliwa kwa kitambulisho na alama za vidole vya mmoja wenu. Simu zote zilizo nyuma ya ruta hiyo, kwa aliye nje, huonekana zinatoka mahali pamoja. Mtu akitapeli au akimtukana mtu akiwa ameegemea ukuta wenu, uchunguzi utaanzia kwa mwenye laini. Haina maana kwamba utafungwa kwa kosa la bodaboda. Ina maana kwamba utapoteza siku ukijieleza, na hutakuwa na hata jina moja la kutaja. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015, kifungu cha 4, inakataza kuingia kwenye mfumo wa kompyuta wa mtu kwa makusudi bila haki. Nimekutajia uijue. Kwa jirani usiitaje, na kwa mtoto aliyeingizwa na mkono wako mwenyewe usithubutu. Mjumbe na serikali ya mtaa waache walipo, labda mtu aje kukukatia waya kwa hasira.

Yule mpangaji atakusimamisha tena, jiandae. Akisema mtandao umelala, mjibu, "Haujalala kaka, nimeufunga, ni wa kwangu." Uso mkunjufu, na uendelee na safari. Akikwambia alishalipia wiki nzima, mpe pole. Hela hiyo hukuipokea, usiirudishe hata shilingi.

Jambo moja kabla hujabonyeza chochote Jumamosi. Muulize kijana kama maombi yake ya mkopo yamekamilika, na kama RITA, wale wa kusajili vizazi na vifo, wameshamhakikia cheti cha kuzaliwa, maana hapo ndipo wengi hukwama na dirisha likafungwa. Kama bado, mwambie aje na vyeti vyake amalizie kwako, mezani, saa za mchana usipofundisha. Kandambili aache mlangoni.

Shangazi